Jembe Ambalo Sikumpa

Namshukuru Mungu aliyeniachia kumbukumbu, hata zile zinazouma.

Binti wa chuo alikuja kwa mafunzo ya miezi mitatu katika kiwanda chetu cha kahawa, karibu na Kianjokoma, nami nilikuwa msimamizi wake. Nilimpa kiti na chai. Kila alipotaka kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, nilimzuia: "Keti, mwanangu, utachafuka."

Siku ya mwisho alileta daftari la kazi nitie sahihi. Lilikuwa tupu.

"Mzee, niandike nini? Chai?"

Sikuweza kutia sahihi uongo. Alirudia mafunzo mwaka uliofuata, kwingine. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nilimnyima, nikidhani ni upendo.

Msomaji, Mungu akupe msimamizi asiyekuonea huruma.