Kiu Iliyokosekana Shambani kwa Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mtafiti Mwandamizi alinikabidhi mtungi uliokuwa ukifuka moshi wa baridi, akaniambia, "Ukitia kidole humu, utarudi nacho nyumbani mfukoni." Ndani mlikuwa na naitrojeni kimiminika, ileile ambayo wataalamu wa kupandisha ng'ombe huhifadhia mbegu za madume. Sisi tuligandishia majani ya mtama.

Nilikuwa fundi sanifu katika kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Shinyanga. Tulichokuwa tukikifuatilia ni kinasi. Hicho ni kimeng'enya ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, na protini hiyo ikaamka au ikalala. Mizizi ikikosa maji, habari hupanda hadi kwenye jani, kinasi fulani huchangamka, na vitundu vya jani hujifunga ili mmea usikauke. Ukilikata jani na kuligandisha papo hapo, habari ile hubaki kama ilivyokuwa.

Kiangazi kimoja tulipanda nje ya Kagongwa, katika shamba tuliloazima kwa mjane mmoja, Mama Kabula. Nusu tuliimwagilia, nusu tuliiacha ishikwe na kiu. Zama zile kila mgeni mwenye gari na mifuko ya sampuli alidhaniwa anatafuta dhahabu. Watu waliutazama mtungi wetu wakanong'onezana. Mama Kabula mwenyewe aliniuliza, "Majani tu, baba? Majani ndiyo mnayapakia kwenye gari la serikali?"

Nikamjibu ndiyo.

Majibu ya maabara yalipofika, Mtafiti Mwandamizi aliniita ofisini, akafunga mlango. Majani ya upande wenye kiu yalikuwa kimya. Kinasi haikuchangamka hata kidogo.

"Mimea hii haijawahi kuonja kiu," alisema. "Ama ulichanganya lebo, ama ulikata upande wenye maji. Lipi?"

"Hakuna hata moja, mzee."

"Basi nitafutie la tatu kabla ya wiki ijayo."

Nilikumbuka kwamba majani yale hayakuwa yakijikunja mchana, nami wakati ule nilijiambia ni mbegu ngumu. Nikarudi shambani, nikachimbua: juu vumbi, chini unyevu. Nilimshuku mlinzi wa shamba, nikamshuku hata dereva wetu. Jumapili asubuhi, siku ambayo hatukuwa tukifika, nilijibanza nyuma ya ua wa minyaa. Akaja Mama Kabula na ndoo kichwani, akitoka lamboni.

Aliniona. Hakukimbia, aliyamimina maji yote kwanza.

"Mtama ukifa, mtaandika kwamba ardhi hii haioti kitu," alisema. "Kisha watakuja wa dhahabu waseme, hapa si shamba, tuchimbe. Nitakwenda wapi na watoto?"

Nilimweleza mkubwa wangu ukweli. Akaandika taarifa upesi: "Shamba halifai." Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nikaiweka kalamu mezani.

"Lisilofaa ni jaribio, mzee. Udongo ni mzuri."

"Amekupa nini yule mama?"

"Hajanipa kitu. Hata haniamini."

Alinikodolea macho, halafu akaifuta sentensi ile, akaandika kwamba udongo una rutuba na mimea ilimwagiliwa nje ya mpango. Nikatia sahihi. Msimu uliofuata nilihamishiwa ghala la mbegu, bila maelezo.

Nakala ya taarifa ile nilimpelekea Mama Kabula. Nilitaka kumsomea; akamwita mwalimu jirani aisome yeye.

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara wakinijia, nawaambia kwamba tulijua kulipima jani kama lina kiu, lakini mwenye shamba hatukumwuliza anaogopa nini. Wapimaji wa mgodi walipokuja na vigingi, walipita pembeni mwa shamba lile. Kama ni kwa karatasi yetu au kwa bahati yake, sijui. Mwaka huu nilikwenda kumsalimu. Alinipa kigoda uani na maji ya kunywa, akanitazama mikono, akauliza:

"Safari hii umefuata nini, baba?"