Fundi Nyundo Anasubiri Sura Mpya

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangemwona Fundi Nyundo wangeongeza kwamba mnyoosha magari naye hanunui gari. Maana huyu bwana, jamani, fedha ya gari alikuwa nayo benki, leseni alikuwa nayo mfukoni, na mke alikuwa akimsihi asubuhi na jioni. Bado mkewe na bintiye walikwenda kila mahali kwa pikipiki ya kukodi, mama na mtoto nyuma ya dereva, wamebanana kama ndizi kwenye chane.

Watu wa mtaani walisema ni ubahili. Walimwonea. Ilikuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na mahali pake maalumu: mlango wa nyuma wa kushoto.

Ngoja nieleze, maana naona umeshaanza kucheka. Fundi Nyundo alikuwa na gereji ya bodi nyuma ya kituo cha mafuta, paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka na miaka, hewa nzito kwa vumbi la puti ya kuzibia bati na harufu ya rangi. Gari likigongwa mjini, huletwa kwake. Kabla hajauliza swali, anapitisha kiganja juu ya bati taratibu kama mama anayempima mtoto homa, kisha anasema, "Hili limegongwa ubavuni, na dereva hakuona kinachokuja." Na huwa hivyo hivyo. Kwa kunyoosha bati hakuwa na mpinzani. Shida ni kwamba jioni alikuwa hafungi kazi pamoja na mlango wa gereji. Aliondoka nayo kichwani, akaketi nayo mezani, akala nayo.

Gari alilolitaka mkewe lilikuwa dogo, jipya, la milango minne, lisilokunywa mafuta sana. Nusu ya mji walikuwa wamelinunua. Na kwa kuwa nusu ya mji walikuwa nalo, gereji ya Fundi Nyundo haikukosa moja lililogongwa. Kila aliloletewa, mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeingia ndani. Bati la pale lilikuwa jepesi. Yeye mwenyewe alisema ukilisukuma kwa kiwiko linaitika.

"Na nani atakaa pale?" alimuuliza mkewe siku moja wakiwa mezani. "Wewe utakaa mbele na mimi. Nani atakaa nyuma kushoto?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa palepale anatafuna, macho yamemtoka. Baba yake akachukua kikopo kitupu cha maziwa, akakibonyeza kwa kidole gumba kikalia kwaak. "Hivi," akasema. "Hivi hivi."

"Baba Chiriku, mtoto anakula," mkewe akasema.

"Acha ajue. Dunia si ya kuchezea."

Mama Chiriku alikuwa mshona mapazia. Kazi yake ilimpeleka nyumba za watu kupima madirisha, futi ya kupimia shingoni, begi la sampuli za vitambaa mgongoni. Ujanani aliwahi kuendesha gari la kusambaza mikate, alfajiri na mapema, mitaa yote, na hakuwahi kukwangua hata kuku. Mtu wa namna hiyo kumfanya abiria wa pikipiki ni kumtafutia ugomvi. Lakini alivumilia. Alimshika mkono mumewe wakaenda wote kwenye duka la magari.

Pale walipokelewa na kijana mmoja wa tai, mwenye adabu na maneno mengi. Kijana yule angenyamaza angeuza gari siku ile ile, lakini mdomo ulimponza.

"Mzee," akasema, "mimi sipendi kumficha mteja. Kiwanda kinalibadilisha hili. Kuna toleo la sura mpya linakuja. Taa zitakuwa nyembamba, bampa jingine, na nasikia milangoni wameongeza chuma na mifuko ya hewa pembeni. Nasikia tu, lakini."

Ungeuona uso wa Fundi Nyundo! Mtu aliyekuwa amesukumwa hadi ukutani ameonyeshwa mlango. Mkewe akaona, akafumba macho.

"Tusubiri," Fundi Nyundo akasema. "Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," mkewe akajibu. "Tutasubiri mpaka lini?"

"Linakaribia, mama," kijana wa tai akasema, sasa akijutia ulimi wake. "Ila tarehe kamili hawajatoa."

Basi ikawa ni kusubiri. Kila akipata nafasi Fundi Nyundo alimpigia simu kijana wa tai, na kila mara tarehe ilikuwa imesogezwa mbele. Wengine wangekasirika. Yeye alikata simu akiwa amepumua, maana kila tarehe iliposogea, siku ya kumweka mwanawe kwenye kile kiti nayo ilisogea. Mpiga rangi wake, mzee mmoja mcheshi waliyefanya kazi pamoja tangu zamani, alimtania mpaka akachoka. "Wewe bwana unangoja gari au unangoja mchumba? Hata ikija hiyo sura mpya utasema tungoje izeeke."

Na kila asubuhi, huyo huyo mwoga wetu alisimama kizingitini akampungia mkono mkewe na bintiye wakipanda pikipiki, kofia ngumu moja kati ya watu watatu, nayo kavaa dereva. Moyo wake shwari kabisa! Dereva alikuwa mtu wa mtaani, mstaarabu, haendi mbio. Fundi Nyundo alirudi ndani akamalizia chai yake. Hasira zinanipanda nikikumbuka.

Mwishowe Mama Chiriku akasema basi. Kijana wa tai alikuwa na gari moja limebaki, la sura ya zamani, na alitaka liondoke. Mama Chiriku akamwambia mumewe waende Jumamosi wakalichukue. Alisema kwa sauti ndogo, ile ambayo mume mwenye akili haibishii. Fundi Nyundo akakubali. Aliapa, hata.

Kumbe Ijumaa gereji ilikuwa inamsubiri. Gari la kuvuta magari mabovu likaingia kinyumenyume, na nyuma yake kulikuwa na gari lile lile, rangi ile ile ambayo mkewe alikuwa ameichagua. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeingia ndani mpaka umekutana na kiti. Fundi Nyundo akautia mtalimbo, akaukongoa. Ulipoachia, kitu kikaanguka miguuni pake.

Kilikuwa kiatu cha mtoto. Cha shule, cheusi, kamba bado imefungwa.

"Mtoto yuko wapi?" akamuuliza dereva aliyelileta.

"Mtoto gani?"

"Mwenye kiatu hiki!"

"Sijui, fundi. Mimi nimeambiwa nilete gari tu."

Akakaa chini, palepale kwenye oili, kiatu mkononi, akikipima kwa macho, na kila akikipima kinakuwa saizi ya Chiriku. Mpiga rangi akamletea maji. Akapiga simu kwa mwenye gari, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Saa sita mchana akavua ovaroli akaenda nyumbani, akamkuta mkewe kwenye cherehani.

"Hatununui," akasema. "Kesho hatwendi. Mpaka ije sura mpya."

Mama Chiriku alimtazama vile anavyotetemeka, akautoa mguu kwenye cherehani. Alijua kuna mambo ya kubishana na mambo ya kuachia. "Kunywa maji ukalale," akasema.

Jumatatu mvua ilinyesha. Fundi Nyundo aliwapungia mkono kama kawaida, akamwambia Chiriku afunge vizuri zipu ya koti.

Simu ilimkuta nyundo mkononi. Sauti ya dereva wa pikipiki ilikuwa inakatika: mzunguko, maji, tairi limeteleza, hospitali. "Wazima, fundi, wazima wote, lakini njoo." Hakuna binadamu anayeamini neno "wazima" likifuatiwa na "njoo". Alifika hospitali na ovaroli yake, hajui amefikaje.

Mama Chiriku alikuwa kwenye benchi, mkono umechubuka kuanzia kiwiko mpaka kifundo, umefungwa bendeji. Chiriku alikuwa wodi ya mifupa. Mguu ulivunjika chini ya goti, madaktari wameshaurudisha mahali pake na kuufunga plasta, na dawa imempa usingizi. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, alikuwa kimya.

Fundi Nyundo alisimama kando ya kitanda, mikono haijui pa kwenda. Kulia kwake kulikuwa na kijana aliyening'inizwa mguu kwa uzito. Kwa mazoea tu, maana ndilo swali pekee analolijua, akamuuliza, "Wewe uligongwa wapi?"

"Nilianguka na pikipiki, mzee."

Akamgeukia wa kushoto, mama mtu mzima mwenye nyonga iliyovunjika. "Pikipiki, baba." Wa dirishani? Pikipiki. Yule anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu? Pikipiki, na mwenzake hakufika hospitali.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia, na haikuwa ya mvua. Miaka yote hiyo hakuwahi kuletewa pikipiki gerejini. Pikipiki haina mlango wa kunyoosha. Ikianguka huinuliwa, hupigwa teke, ikawaka, ikaondoka, na kinachohitaji kunyooshwa huletwa huku, kwa mafundi wengine. Akatazama nje dirishani. Barabarani, kwenye mvua, lile gari dogo lilipita. Likapita jingine. Na jingine, milango yote mizima, watu ndani wamekauka, hawamhitaji fundi. Hayo nayo hayakuwahi kuingia gerejini kwake. Yeye alikuwa amehesabu yaliyovunjika tu, akadhani ndiyo yote.

Akatoka akaketi benchini karibu na mkewe. Machozi yalimtoka bila kujificha.

"Nilikuwa naogopa, Mama Chiriku."

"Najua ulikuwa unaogopa." Hakumtazama. "Na mimi nilikuwa naogopa. Kila asubuhi nilikuwa naogopa, nikapanda hivyo hivyo na mtoto wako."

Bora angempiga kofi.

Kesho yake alikwenda peke yake dukani. Kijana wa tai akamlaki kwa furaha. "Mzee! Una bahati. Wametuthibitishia jana, sura mpya inaingia mwezi ujao. Umesubiri kote huko, mwezi mmoja ni nini?"

Jasho likamtoka Fundi Nyundo. Naapa kidogo aseme ndiyo. Chuma milangoni, mifuko ya hewa pembeni, mwezi mmoja tu! Alishika meza ya watu kwa mikono miwili. "Nipe hili," akasema. "Nipe hili sasa hivi, kabla sijakusikiliza."

Chiriku aliporuhusiwa kutoka, walimfuata na gari. Mama Chiriku ndiye aliyeendesha. Fundi Nyundo akambeba bintiye kutoka wodini mpaka uwanjani, plasta imetangulia mbele, mdomo umeshapona na unasimulia habari za wauguzi wote. Walipolifikia gari, mdomo ukafunga.

"Siingii," Chiriku akasema.

"Ni gari letu, mama. Jipya."

"Lile la mlango unaobonyea." Akamng'ang'ania baba yake shingoni kwa nguvu zote. "Ulisema wa nyuma kushoto. Ulisema hivi hivi. Siingii, baba! Tupande pikipiki."

Mvunjwa mguu na pikipiki anaomba pikipiki! Fundi Nyundo akamtazama mkewe kupitia kioo cha mbele. Mkewe akamtazama naye, mikono juu ya usukani, hakumsaidia. Hofu ile ilikuwa ya nani, mpaka amsaidie?

Angemwambia mtoto haubonyei. Lakini kiganja chake kilikuwa kinajua, na mtoto angekijua kiganja kile kinadanganya. "Ukigongwa unabonyea," akasema. "Kweli."

"Basi mimi siingii."

Akazunguka upande wa kulia, akamwingiza Chiriku, akamketisha katikati na kumfunga mkanda, naye analia. Akafunga mlango ule, akazunguka nyuma ya gari mpaka upande wa kushoto. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Akafungua mlango, akaingia, akaketi yeye. Akaupandisha mguu wa plasta juu ya mapaja yake, akavuta mlango ukafunga, bega lake limegusa bati lile jepesi.

Chiriku akaacha kulia, akamwangalia. Akamshika mkono.

"Baba, mbona unatetemeka?"

"Naogopa, mwanangu."

"Gari hata halijawashwa."

"Najua," Fundi Nyundo akasema.

Mbele, Mama Chiriku akarekebisha kioo, akaliwasha.