Waimbe Nisisikike

Mama alipoacha kutoka kitandani mwaka huu, nilirudi nyumbani, kijijini upande wa Kaengesa. Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ikaja kusali chumbani kwake. Somo lilimhusu yule mfalme wa Misri mwenye moyo mgumu, na kwa kuwa nimesoma, nikaombwa niseme neno. Nikajadili kwa dakika ishirini kama ni Mungu aliyeushupaza moyo ule au ni mfalme mwenyewe. Nilijisikiliza kwa raha.

Mwenyekiti wa jumuiya, bibi jirani yetu mkulima wa ulezi, alipiga miayo. "Asante, mwalimu. Moyo wa mfalme tumeuelewa. Wa kwako je?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Padre anakuja Jumamosi kunipaka mafuta ya wagonjwa," aliniambia. "Ungama kwanza, baba, tupokee Komunyo wote wawili. Sina kingine ninachotaka."

Sikuwahi kugombana na Mungu. Niliacha tu kumsalimia, mwaka baada ya mwaka, kama jirani wangu mmoja kule Majengo ninakoishi, ambaye sasa naona haya hata kuanza kumsalimia.

Jumamosi padre alivaa stola shingoni, tukakaa nyuma ya nyumba karibu na kihenge cha ulezi. Mama alikuwa amewaagiza majirani waliojaa chumbani waimbe kwa nguvu, dhambi zangu zisiingie dirishani. Wakaimba kama wako harusini.

"Karibu, kaka," alisema padre, kijana ambaye ningeweza kumfundisha.

Nilitafuta majuto, hata chembe. Nikapata sentensi nzuri tu. Nikamuuliza habari za mvua. Akanijibu kwa upole, akasubiri. Wimbo ukaisha, na nikamsikia mama ndani: "Rudieni. Bado anazo nyingi."

Wakarudia, beti zote.

"Ningependa, Padre," nilisema mwishowe. "Lakini nitakuwa naigiza."

"Basi usiigize," alisema. "Twende kwa mama."

Mama alitupokea akitabasamu; kule kukawia kwetu kulikuwa kumempa matumaini. Akapakwa mafuta kwenye paji la uso na viganja, akapokea. Kisha akanigeukia. Padre alikuwa ameshaanza kufunika chombo cha hostia, lakini mama hakumtazama. Alinitazama mimi, akafungua mdomo wake polepole, kama alivyofanya zamani akinilisha uji, ili nami nifungue wangu.

Nikatikisa kichwa. Mama akaendelea kunitazama, mdomo ukiwa bado wazi.