Mkono Ulioinuka Homa Bay

Nyumbani kwetu Migori tuliongea Kiswahili kwa ajili ya amani. Baba alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa, Mama ni Mkuria wa Kegonga, na kila mmoja alikuwa akiivunjavunja lugha ya mwenzake hadi watu wakacheka. Kiswahili kikawa uwanja wa wote. Nadhani ndiyo maana nilianza kurap kwa Kiswahili kabla sijajua kwamba kurap kunaweza kuwa kazi.

U-DJ niliupata kwa Baba. Kwenye sherehe za ukoo wake, wimbo ukishakolea, mtu huinua mkono, mwenye muziki akapunguza sauti, na huyo mtu akajisifu mbele ya wote, yeye na watu wake, mpaka aridhike. Ndiyo pakruok. Siku aliyoniachia mashine yake ya muziki kwa mara ya kwanza, Baba alinipa sheria moja tu: ukiona mkono, shusha muziki. Hata uwe mkono wa adui yako.

Mama alikuwa akikaa pembeni, mikono kifuani.

"Nyinyi Wajaluo mnaugua nini?" aliuliza kila mwaka. "Mtu hajaulizwa, anajisifu!"

Baba alipofariki, mashine ikabaki kwangu. Nilipomaliza shule nikazunguka nayo: harusi, mahafali, ufunguzi wa saluni. Wikendi zisizo na harusi nilishindana na marapa, tukichambana kwa mashairi huku watu wakipiga kelele. Mama, mwalimu wa darasa la nne, hakunigombeza. Alileta tu fomu ya chuo cha ualimu, akaiweka chini ya bakuli la sukari, mahali ambapo ningeiona kila asubuhi.

Siku moja nikachoka kuiona. Tukapatana na Mama. Nilikuwa na shindano Homa Bay, Jumamosi ya wiki mbili mbele, dhidi ya kijana mmoja wa Sindo aliyekuwa hajawahi kushindwa.

"Ukishinda, nakuachia mwaka mzima, sitakuuliza kitu," Mama alisema. "Yeye akishinda, unajaza fomu, na hiyo mashine inaenda kwa binamu yako."

Tukapeana mikono kama wakuu wa nchi.

Nilijiandaa wiki zote mbili, na daftari. Niliuliza huku na huku, nikaambiwa mama yake kijana anauza samaki, hasa omena, wale dagaa wa ziwani. Nikafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Jumamosi asubuhi Mama aliniaga mapema. Alisema anaenda Asumbi, mkutano wa akina mama wa kanisa.

Ukumbi ulijaa saa tisa. Mashine iliyotumika ilikuwa yangu, kwa hiyo nilikuwa DJ na mshindani siku moja. Nikaweka biti, nikashika maiki, nikamwaga:

"Ukipanda jukwaani, paka wa mji wanakufuata,
Wanadhani ni omena, wanataka kukamata,
Uoge mara saba, harufu bado inanata!"

Nikangoja kelele. Hakuna aliyekohoa. Ndipo nikawatazama vizuri watu niliokuwa nawaimbia. Safu ya kwanza akina mama wa sokoni. Safu ya pili watoto wao. Nyuma, wavuvi. Huko kwetu tunachimba dhahabu na kupanda miwa. Kichwani mwangu samaki alikuwa kichekesho. Homa Bay nzima nilikuwa nimeiambia inanuka.

Kijana wa Sindo hakuwa na haraka. Alitabasamu.

"Sista, pole. Hata sitakuchapa sana.

Harufu ya samaki ndiyo karo yangu ya shule,
Ndiyo imejenga nyumba zote unaziona kule,
Uliza akina mama hapa, kuanzia huyu mpaka yule!"

Ukumbi ukaruka. Nami nikakimbilia mashine, nikapandisha muziki juu kabisa ili nijifiche ndani yake.

Hapo ndipo mkono ukainuka kule nyuma. Ningeweza kujifanya sijauona. Kidole changu kikashuka chenyewe, na muziki ukashuka nacho. Umati ukapisha, na chini ya mkono ule alikuwa Mama, mkoba wa kanisani begani.

"Mimi ni binti wa Kegonga!" alisema, sauti ya darasani. "Niliolewa na Mjaluo, nikakataa omena miaka mitatu, sasa hamnipokonyi sahani! Mimi ndiye mama wa huyu aliyetukana samaki wenu."

"Woi!" mtu akasema.

"Alizaliwa miguu ikitangulia. Mpaka leo mdomo wake unafika kabla ya akili. Lakini mtazameni. Amewakosea, na hajakimbia. Bado amesimama hapo. Huyo ni wangu!"

Wauza samaki walisimama juu ya viti. Mwendesha shindano alipoweka kiganja juu ya kichwa changu kupima kelele za umati, watatu wanne walipiga makofi. Juu ya kijana, ukumbi ulinguruma. Kisha, kwa mzaha, akashuka hadi kwa Mama, na paa nusura ling'oke.

"Bingwa ni Mama!" akatangaza.

Kijana wa Sindo mwenyewe alimletea ngege, samaki mkubwa wa ziwani, aliyefungwa kwenye gazeti. "Mamangu, shikilia. Huyu hanuki."

Jioni, samaki akitokota jikoni, nilisema kabla ya kuulizwa: "Nimeshindwa. Nitajaza fomu."

"Tulisemaje? Wewe ukishinda, au yule akishinda. Nani ameshinda?"

"Wewe."

"Kuhusu mimi hatukupatana."

Akanipakulia kichwa. "Kula. Na macho."

Nikala, akinikazia macho hadi jicho la pili. Nilipotafuta pa kutemea, aliinua bakuli la sukari, akaichomoa ile fomu, akaikunjua mezani mbele yangu.

"Miiba weka hapa," alisema.