Uji Alioukataa Bibi

Usiku ule nililala na pampu ya maziwa mkononi, kama mlinzi aliyesinzia na rungu lake. Mwanangu Aika, wa miezi kumi na moja, alikuwa na siku ya nne hajagusa titi langu. Namweka, anageuza uso. Namhamishia upande wa pili, anaangalia ukuta. Ndizi ya kupondwa anaipokea kwa mikono miwili kutoka kwa mama mkwe wangu, anayemlea nikiwa kazini, na uji anaunywa mpaka anajipaka masikioni. Ni mimi tu niliyekataliwa. Nililia mpaka mume wangu akasema, "Mama Aika, lala. Kesho nayo ni siku."

Yeye hakujua uchungu wangu ulikotoka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mwanangu atanyonya mwaka mzima bila kukosa hata siku moja. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi shuleni ninakofanya kazi ya uhazili, na mara mbili kila siku nikawa najifungia stoo, katikati ya maboksi ya chaki na karatasi za mitihani, nakamua. Chupa niliiweka kwenye friji ya ofisi ya walimu nikaibandika karatasi: DAWA YA MACHO, na jioni nikarudi nayo kwenye friji ya nyumbani. Walimu wetu ni watu wema, lakini chai ya saa nne ikifika siwaamini. Miezi yote hiyo nilikamua nikijua kuna mdomo unaningoja nyumbani. Sasa nilikuwa nakamua kwa ajili ya nani?

Basi usingizi ukanichukua, nami nikawa stoo. Pampu inalia ile sauti yake ya kuvuta na kuachia. Nakamua, nakamua, maziwa hayapandi. Nikasogeza boksi la chaki ili nikae vizuri, na nyuma yake palikuwa na mlango wa jiko la bibi yangu.

Bibi alifariki miaka miwili kabla mwanangu hajazaliwa, na jina la Aika ni lake. Ndiye aliyenilea kule Machame, mama alipokuwa chuo cha ualimu. Na hakunilea kwa uji peke yake. Nilipokuwa nalia kumtafuta mama, bibi aliniwekea ziwa lake kavu ili ninyamaze, na baada ya siku kadhaa, kwa maelezo yake mwenyewe mbele ya yeyote aliyekuwa na muda wa kusikiliza, ziwa lile likatoa maziwa. Alipenda kuniita mke mwenzangu, utani wa mabibi kwa wajukuu wao wa kike, maana babu alikuwa mume wetu sote.

Nikaingia. Harufu ni ileile: moshi wa kuni, ndizi za supu ya mtori, na ng'ombe aliyefungwa nyuma ya ukuta. Bibi ameketi kwenye kigoda chake, kitambaa cha bluu kichwani, anamenya ndizi kwa kisu kile kilicholika mpaka kikabaki chembamba. Hakushangaa kuniona. Wala mimi sikushangaa.

"Mke mwenzangu," anasema, "umebeba nini?"

"Maziwa, bibi. Mtoto hayataki. Natafuta pa kuyamwaga."

"Usimwage hapo."

Nilitazama chini, nikaona nimesimama karibu na majivu. Bibi alikuwa na sheria yake: maziwa ya mama hayamwagwi motoni, wala kwenye njia ya siafu, ama sivyo ziwa litakauka. Yakibaki, humwagwa shinani mwa mgomba. Ujanani nilimcheka sana, lakini tangu nijifungue sijathubutu kumwaga hata tone kwenye sinki.

Nikataka kumwuliza ni mgomba upi. Nikaangalia mkononi, na chupa imekuwa bakuli la uji, na kijiko kimo ndani. Jiko halipo tena. Tuko chumbani kwake, dirisha limefunguliwa nusu, na bibi amelala kitandani, mwili wake mdogo chini ya blanketi. Naijua wiki hii.

Ndiyo wiki yake ya mwisho. Niliomba ruhusa kazini nikapanda Machame kumlisha, nikidhani mkono wangu ataukubali, maana mimi si mgeni kwake. Siku ya pili akafumba mdomo. Nikamsogezea kijiko, akageuza uso akatazama ukuta. Hapo nikasema maneno ambayo hata mume wangu sijawahi kumwambia. Nilisema, "Bibi, unanikomoa? Nimetoka mjini kote huko, wewe unanigeuzia mgongo?" Nikaliacha bakuli mezani. Kesho yake nikarudi kazini, na siku ya tatu baada ya hapo nikapigiwa simu kwamba amefariki.

Sasa nimeshika tena kijiko kile, na uji bado unatoa mvuke. Bibi amefumba mdomo. Anageuza uso. Maneno yale yananipanda kooni vilevile kama siku ile, nami nayazuia kwa nguvu zangu zote.

Bibi akageuka. Akanitazama kwa macho mazima, si yale ya ugonjwa.

"Ulidhani nimekukataa," anasema.

"Uligeuza uso, bibi."

"Nilikuwa nimeshiba, mwanangu."

Nilitaka kumjibu, lakini tayari tulikuwa nje, kihambani kwake, kwenye migomba inayozunguka nyumba. Ni asubuhi, majani yanadondosha umande. Kuna mtoto wa mwaka na kitu, amevaa sweta ya njano, na sweta ile naijua: ipo kwenye picha yangu ya utotoni. Bibi, ambaye sasa hana mvi nyingi, ameketi kizingitini, ametoa ziwa, anamwita. Mtoto anamtazama. Kisha anageuza uso, anakwenda zake kwa miguu yake ya kuyumba kumfuata babu, aliyeshika ndizi mbivu.

"Siku ile nililia," bibi ananiambia, wala hamtazami yule mtoto, ananitazama mimi. "Babu yako akanicheka. Kisha nikakuona unakula, mashavu yamejaa. Nikajifunga khanga yangu, nikaenda kukata majani ya ng'ombe."

Akaninyooshea mkono. Bakuli limekuwa chupa tena. Akainama akamwaga maziwa yangu shinani mwa mgomba, taratibu, mpaka tone la mwisho, na udongo ukayanywa.

"Aliyeshiba hajakukataa," anasema. "Funga kifua, mke mwenzangu. Kuna baridi."

Nikaamka. Kumepambazuka, pampu imeanguka sakafuni, na mto wangu umelowa. Aika alikuwa ameamka kabla yangu, amekaa kitandani anavuta pindo la shuka. Nikampakata, nikampa titi mara moja tu. Alilitazama, akageuza uso.

"Umeshiba, mke mwenzangu?" nikamwuliza.

Akacheka. Halafu akalaza kichwa kifuani pangu, juu ya ziwa lilelile alilolikataa, akatulia bila kutaka kitu. Nilikaa naye hivyo mpaka mama mkwe akagonga mlango kuuliza kama leo siendi kazini.

Nyuma ya nyumba yetu tuna mgomba mmoja. Mche wake niliuchimba kihambani kwa bibi siku ya msiba, nikauleta mjini ndani ya mfuko wa sukari. Nilimbeba Aika ubavuni, nikachukua chupa ya DAWA YA MACHO kwenye friji, nikaenda nayo hadi shinani. Nikamwaga taratibu, kama nilivyoonyeshwa.

Kisha nikasema kwa sauti, mtoto akinitazama mdomo, "Bibi, nisamehe kwa ule uji."

Nikafunga kifua, nikaenda kumpondea mwanangu ndizi.