Tundu Uvunguni mwa Kitanda

Saverio alizaliwa ndani ya mwamba, kwenye mapango tuliyoyafanya nyumba mtaa wa chini wa mji wa Matera, Italia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kazi yake ilikuwa kusafisha visima vya mvua vilivyochongwa chini ya sakafu zetu. Serikali ilipotuhamishia kwenye maghorofa tukapata mabomba, na kazi yake ikafa. Ujirani nao ukafa, ila hilo hakuna aliyeliandika.

Vuli iliyopita tulikwenda kuitazama nyumba ya kina Saverio, ambayo sasa ni makumbusho. Kitanda kirefu kilikuwepo, na kando yake sanamu ya nyumbu wa kubebea mizigo, kwani zamani tulilala na wanyama. Saverio hakuvitazama. Alipiga magoti akapapasa uvunguni.

"Wameziba! Tena kwa saruji!"

Kisima kilipojaa, maji ya ziada yalitoka kupitia tundu hilo la uvunguni na kushukia kisima cha Nunziata, jirani wa chini, naye akamwachia wa chini yake. Kuziba tundu lako kulikuwa tusi. Tena maji yakikosa njia hupanda ukutani, na mwamba wetu ukilowa hubomoka kama jibini.

"Babu, inuka, unachafua suruali," alisema Donata, msimamizi. "Tuliziba kwa sababu ya panya."

"Panya hajawahi kuangusha nyumba. Mvua ikija, ukuta huu utakulalia."

"Kisima kikavu hicho, mzee wangu."

"Kikavu kwa sababu mvua haijanyesha! Umesomea nini wewe?"

"Historia."

"Nilijua tu."

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikuwa akiacha chakula mezani na kwenda dirishani kuangalia mawingu. Siku ya nane alinijia na mkate mkubwa, ndani yake kaficha tindo na nyundo.

"Wewe msomaji wa vitabu, kamuulize yule mama maswali. Marefu."

Nilimuuliza Donata habari za wafalme wa zamani. Alijibu kwa raha mpaka aliposikia nyundo. Tulitolewa nje, tukapigwa marufuku, na Saverio hakujua kama saruji ilipasuka.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Tulishuka ngazi hadi nyumba ya Nunziata, siku hizi baa, tukasimama kwenye mdomo wa kisima huku tumelowa chapachapa. Mle ndani maji yalikuwa yakianguka kutoka tundu la juu, la Saverio.

"Nunziata kapata yake," alisema Saverio.

Nunziata alifia mjini Turin miaka ishirini iliyopita. Nilidhani sasa tutakwenda nyumbani kukauka.

"Na yeye," akauliza, tayari ameshaanza kushuka ngazi, "tundu lake wameliacha wazi?"