Nilivyokuwa Masikio ya Mzinga

Ningeweza kumwambia kapiteni hapana. Ni neno jepesi, na nilishawaambia watu wenye shida kubwa kuliko yake. Lakini alinijia baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima, akanisifu kwanza, na mimi sifa hunilegeza.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Mbunya. Kinanda hatuna. Sauti ya kuanzia wimbo niliitoa mimi mwenyewe, na mtu wa teno akipotea kidogo nilimjua bila kugeuka. Kapiteni aliimba besi kwetu. Kazini aliongoza kikosi kidogo cha kulinda anga, juu ya kilima upande wa uwanja wa ndege: mzinga wa mitutu miwili uliofungwa nyuma ya lori, na makombora machache ya kubeba begani. Radari hawakuwa nayo. Habari za droni zilikuwa zimetia watu hofu mjini, na askari wake walishindwa kutofautisha mvumo wa droni na ule wa pikipiki inayopanda mlima.

"Muzee," alisema, "weye unasikia mutu mumoja akikosea kati ya batu wote hawa. Kuja utusikilizie kule juu. Siye tuko na macho tu."

Mke wangu alikuwa karibu. "Masikio yake ni ya kwaya, haiko ya vita. Mukiyaharibu, mutanirudishia nini?"

"Mama, tutamurudisha muzima, na sukari juu yake."

Nikakubali.

Siwezi kudanganya, zile alasiri zilikuwa tamu. Nilipewa kiti cha plastiki kando ya lori. Sajini, mtu mnene mwenye mikono mikubwa, alikaa kwenye kiti cha mpigaji, akizungusha magurudumu ya kuelekeza mitutu, na kila mvumo ulipotokea alinijaribu.

"Papa, ile?"

"Mashini ya kusaga mihogo."

"Na ile?"

"Ndege ya watu wa misaada. Inatokea upande wa Mambasa."

"Na ile ya chini chini?"

"Ile ni tumbo yako, sajini."

Askari walicheka mpaka wakashika lori. Nilijifunza mengi pale. Niliuliza kwa nini wasitumie kombora, kapiteni akanieleza kwamba kombora lao hufuata joto la injini, na droni ndogo ya betri haina joto la kutosha; ukilirusha, laweza kwenda kulitafuta jua. Kwa kitu kidogo namna ile, afadhali mzinga ujaze anga risasi.

Siku ya kwanza alinipa vifuniko vya masikio kama vya askari wote. Nikavivaa shingoni. Msikilizaji aliyeziba masikio anasikiliza nini? Sajini aliniambia nivivae kila tutakapokaribia kupiga. Nilimwambia sawa, na sikufanya. Kosa hilo ni langu, si lao.

Jumamosi moja nikausikia: mvumo mwembamba, umeshikilia noti moja, unapanda kutoka bondeni.

"Droni," nikasema.

"Kweli, Papa?"

"Kweli kabisa. Kule!"

Nikasimama kuwaonyesha kwa mkono, kwa furaha kama mtoto, nikajikuta kando ya mitutu badala ya nyuma yake. Kapiteni akaiona, akaamuru wapige. Ardhi ilinipiga nyayoni na kofia yangu ikaruka. Risasi ziliangukia kwenye kinamasi kisicho na mtu. Droni haikuguswa, iliyumba tu, ikajishukia yenyewe kwenye mihogo.

Mara akapanda mtu mwenye suti, mikono juu, kisanduku cha kuongozea kikining'inia kifuani. Midomo yake ilikuwa inakwenda mbio. Baadaye walinisimulia alichosema: "Musipige! Iko ya ndoa!" Alikuwa anapiga picha za arusi, karibu na uwanja wa ndege ambako kurusha kumekatazwa. Nyuma yake alikuja bibi arusi mwenyewe, gauni amelikunja mpaka magotini, akimkaripia kapiteni kwa kidole. Kapiteni akavua kofia. Sajini alilala chini kwa kicheko. Nami nilicheka kwa sababu niliwaona wanacheka, nikidhani ule mlio kichwani ungeondoka nikishalala.

Haukuondoka. Sikio la kulia lilikufa. La kushoto linasikia kama nimefunikwa sufuria. Jumapili nilitoa sauti ya kuanzia, nikaona wanawake wa sauti ya kwanza wanatazamana: niliwashusha chini mno. Nikajaribu tena, nikawapandisha juu kupita kiasi. Mke wangu alikuja mbele ya watu wote, akanishika mkono, akanikalisha.

Kwaya nimemkabidhi dada mmoja hodari. Kapiteni alileta sukari, na mke wangu aliipokea, akaifungia kabatini. Uamuzi ule ulinigharimu masikio yangu, na pamoja nayo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mjukuu wangu naye sasa anaimba peke yake mbele ya kwaya hiyo. Watu husema ana sauti nzuri sana, na mimi sijaisikia kama wanavyoisikia wao.